Tefloni, poliethilini ndefu, nailoni au asetali: bushi ipi kwa shafti ipi?

Anayetafuta bushi ya plastiki ya kubeba shafti ya chuma hukutana na majina manne: tefloni, poliethilini ya minyororo mirefu, nailoni na asetali. Muuzaji atamwambia zote zinateleza, zote hazidai grisi kila wiki, na kila moja ina jedwali lenye kipimo chake cha msuguano. Kwa jedwali hilo peke yake tefloni inashinda kila mara. Wengi wameinunua kwa sababu hiyo, kisha wakashangaa bushi imeliwa kabla msimu haujaisha.

Jedwali halikudanganya. Kipimo kile ni cha kweli, ila hakisemi kinachotokea baada ya plastiki na chuma kuanza kusuguana. Plastiki ni minyororo mirefu ya molekuli iliyojikunja na kusokotana ovyo. Chuma kinapopita juu yake huivuta ile iliyo juu kabisa, nayo huanza kulala ikifuata uelekeo wa mwendo, kama nywele zinavyolala zikipitiwa na kitana. Baadhi hung'oka, hushika kwenye chuma na kutandaza utando mwembamba ambao nao minyororo yake imelala upande huohuo. Kuanzia hapo si plastiki inayosugua chuma tena. Ni plastiki juu ya plastiki, zote zimeelekea njia moja, na msuguano unashuka.

Bushi inayodumu ni ile ambayo utando huo unajengeka mapema na kukaa. Inayoisha haraka ni ile ambayo utando unang'olewa kila unapojengeka, halafu unajengwa upya kwa kuula mwili wa bushi yenyewe. Ndiyo maana mimi huanza kwa kuuliza shafti inakwenda upande gani, kabla sijauliza plastiki ipi inateleza zaidi.

## Vigezo vya kupimia

Uelekeo wa mwendo. Shafti inayozunguka upande mmoja, fimbo inayokwenda na kurudi kwenye mstari uleule, na mkono unaoyumba robo duara, zote zina jambo moja la kufanana: njia ya msuguano haibadiliki. Hata ikirudi nyuma, inarudi palepale ilipopita. Minyororo ikishalala inabaki imelala. Mwendo mgumu ni ule unaojikata, ambapo sehemu ileile ya plastiki inavutwa sasa upande huu, punde kwa upande unaoukata wa kwanza. Mfano ni shafti inayozunguka huku ikisogea mbele na nyuma, au kiungo chenye kichwa cha duara kama mpira kinachogeuka kila upande. Hapo minyororo iliyolala inavutwa kwa ubavu, na ubavuni ndiko ilikoshikamana kwa udhaifu zaidi.

Mzigo, kasi na joto. Plastiki hizi zinapitisha joto kwa shida: kipimo chao ni wati 0.25 hadi 0.4 kwa mita kwa kila nyuzi, wakati chuma cha kawaida kiko karibu na 50. Joto la msuguano basi linakaa palepale linapozaliwa. Joto kidogo linasaidia, maana minyororo inalegea na kulala kwa urahisi. Likizidi, uso unayeyuka, na badala ya utando mwembamba unapata madonge yanayoshika chuma hapa na kubanduka pale.

Maji na vumbi. Maji yanapoza, na hilo ni jema. Lakini maji yaleyale, pamoja na mafuta, yanazuia utando usishike vizuri kwenye chuma. Vumbi la mchanga nalo ni gumu kuliko plastiki zote nne, na mara nyingi ni gumu kuliko shafti yenyewe.

Uso wa chuma. Hiki ndicho kigezo kinachosahauliwa zaidi, na kwa maoni yangu ndicho kinachoua bushi nyingi kuliko uchaguzi mbaya wa plastiki. Nitakirudia mbele.

Ukerezaji na upatikanaji. Plastiki bora duniani haikusaidii kama mkereza wako hawezi kuishika kwenye mashine, au kama ukiharibu mche mmoja itabidi usubiri mwezi upate mwingine.

Tarakimu za kuanzia ni hizi. Ni za plastiki tupu isiyochanganywa na kitu, msuguano mkavu juu ya chuma chenye uso laini:

| | Tefloni (PTFE) | Poliethilini ndefu (UHMWPE) | Nailoni (PA6) | Asetali (POM) |
|---|---|---|---|---|
| Uzito, gramu kwa sentimita ya ujazo | 2.2 | 0.93–0.94 | 1.13–1.15 | 1.41 |
| Inayeyuka, nyuzi za Selsiasi | 327 | 135 hivi | 220 hivi | 165–175 |
| Kipimo cha msuguano | 0.05–0.10 kwa mwendo wa polepole | 0.10–0.20 | 0.20–0.40 | 0.20–0.35 |
| Maji inayokunywa ikishiba | karibu hakuna | karibu hakuna | asilimia 9–10 | asilimia 0.9 hivi |

Herufi zilizo kwenye mabano ndizo utakazoziona zimepigwa kwenye mche au kwenye risiti. Zidai, maana miche mingi ni myeupe na jicho halitofautishi. Njia moja ya kujihakikishia: kata kipande, kitie kwenye maji. Katika hizi nne, inayoelea ni poliethilini peke yake.

## Tefloni

Tefloni iligunduliwa na Roy Plunkett tarehe 6 Aprili 1938, katika maabara ya kampuni ya kemikali ya DuPont huko New Jersey, Marekani. Mnyororo wake ni uti wa kaboni uliofunikwa na florini pande zote, umenyooka, hauna matawi wala vipandikizi vya pembeni, na hauvutani sana na jirani yake. Kati ya hizi nne hakuna ambayo minyororo yake inalala haraka kuliko hii.

Wanasayansi Makinson na Tabor wa chuo kikuu cha Cambridge, Uingereza, waliuchunguza utando wake wakatoa matokeo mwaka 1964, na mwaka 1972 Pooley na Tabor wakalisogeza jambo mbele zaidi. Walikuta kwamba mwanzoni, kipande cha tefloni kinapoanza kuburutwa, msuguano ni mkubwa na yanabaki madonge mazito. Kikishapita kidogo msuguano unaanguka, na kinachobaki nyuma ni utando wa nanomita 10 hadi 40 tu. Milimita moja ina nanomita milioni moja. Kisha wakakigeuza kipande nyuzi 90 na kukiburuta tena. Msuguano ukapanda upya mpaka minyororo ilipolazwa kwenye uelekeo mpya. Jaribio hilo ni dogo, lakini mtu akilielewa ameelewa nusu ya habari ya bushi za plastiki.

Unaweza kuuona mpangilio huo kwa mikono yako. Chukua tepu nyeupe ya mafundi bomba, ile ya kufungia nyuzi za bomba, ambayo ni tefloni iliyovutwa kwa urefu kiwandani. Kata kama urefu wa kiganja. Ivute kwa mapana, taratibu, kwa vidole viwili viwili: inafunguka kirahisi na kupanuka mara kadhaa, na ukiiweka mbele ya dirisha utaona vinyuzi vyembamba vilivyopangana. Ivute kwa urefu na vidole vitapambana nayo zaidi. Kitu ni kilekile, nguvu ni tofauti, na kilichobadilika ni upande tu. Mwaka 1991 Wittmann na Smith walitumia sifa hii kwa kazi nyingine kabisa: walisugua tefloni juu ya kioo chenye moto, wakapata utando ulionyooka kiasi cha kuzifanya molekuli nyingine zilizowekwa juu yake zijipange kuufuata.

Sasa ubaya wake. Wepesi uleule wa kulala ndio wepesi wa kung'oka. Tefloni tupu inaliwa vibaya, na pia inasukumika: ukiiwekea mzigo mkubwa inatambaa taratibu na bushi inapoteza umbo hata kama shafti imesimama. Kasi ikipanda, msuguano wake nao unapanda, ile 0.05 inasahaulika. Dawa yake ni kuichanganya na nyuzi za kioo, kaboni au unga wa shaba nyeusi. Viungo hivyo vinabeba mzigo na kuzuia minyororo isibanduke kwa mapande, na ulikaji unaweza kushuka mara mia au zaidi. Angalia tu kwamba nyuzi za kioo zinakwaruza shafti laini, hivyo kwa aluminiamu au chuma cha pua kisichokomazwa kaboni ni salama zaidi.

Kwa maji, tefloni haivimbi hata kidogo, ila utando wake hautulii palipo na maji. Kwa joto haina mpinzani hapa, inahimili kazi hadi nyuzi 260. Lipo jambo moja ambalo watu wa nyanda za juu wanapaswa kulijua: ikipita nyuzi 19 hadi 30 molekuli zake hubadili mpangilio, na ujazo unaongezeka kwa asilimia 1 au zaidi kidogo. Bushi iliyokerezwa asubuhi ya baridi Njombe ikaenda kufungwa Tanga haitakuwa na kipimo kilekile. Ipime ikiwa na joto la mahali itakapofanya kazi.

Kwenye mashine inakatika kwa urahisi, kisu kiwe kikali sana. Usivute sigara ukiikereza, na nawa mikono kabla ya kuvuta. Unga wake ukiungua kwenye sigara hutoa moshi unaoleta homa na kubana kifua.

Inamfaa mwenye mwendo wa polepole, mzigo mdogo, joto kali au kemikali kali, na mwendo usiojikata. Anayetaka sifa hizo kwenye mzigo mkubwa atafute bushi ya ganda la chuma lenye tabaka la shaba ya vinyweleo iliyojazwa tefloni: chuma kinabeba, shaba inapitisha joto, tefloni inatoa utando.

## Poliethilini ya minyororo mirefu

Mnyororo wake nao ni laini na hauna matawi, ndiyo maana unalala vizuri na kuacha utando mwembamba. Poliethilini ya mifuko laini, ambayo ina matawi, haifanyi hivyo. Matawi yanakwama na inatoka kwa madonge. Kinachoitofautisha hii na tefloni ni urefu: uzito wa molekuli ni kama milioni 3 hadi 6, maana yake mnyororo mmoja una viungo zaidi ya laki moja. Mnyororo mrefu namna hiyo umesokotana na wenzake mara nyingi mno. Uso wake unaweza kulazwa, lakini kuung'oa ni kazi.

Kisa kinachoonyesha tofauti hiyo kuliko jedwali lolote ni cha daktari John Charnley wa hospitali ya Wrightington, Uingereza. Kuanzia 1958 aliwawekea wagonjwa nyonga za bandia, kichwa cha chuma ndani ya kikombe cha tefloni, kwa sababu tefloni ndiyo iliyoteleza kuliko zote. Vikombe vikaliwa ndani ya miaka michache, na vumbi la tefloni likawaumiza wagonjwa. Mwaka 1962 fundi wake, Harry Craven, alijaribu kwenye mashine plastiki iliyokuwa ikitumika kwenye gia za mitambo ya kufuma nguo ya Lancashire. Ilikuwa poliethilini hii. Baada ya wiki tatu za kusuguliwa usiku na mchana, ilikuwa imeliwa kidogo kuliko ambavyo tefloni huliwa kwa siku moja. Novemba mwaka huo Charnley akabadilisha, na mpaka leo nyonga na magoti mengi ya bandia duniani hutumia poliethilini ya jamaa hiyo.

Lakini kisa hakikuishia hapo, na sehemu ya pili ndiyo inayomhusu zaidi mwenye shafti. Kwa miaka mingi maabara zilipima ulikaji kwa kusugua upande mmoja tu, na zikapata tarakimu ndogo mno, ndogo kuliko zilizoonekana ndani ya wagonjwa. Katika miaka ya 1990 sababu ikafahamika: nyonga ya mtu anayetembea haiendi mstari mmoja, njia zake zinajikata. Kwenye mstari mmoja minyororo inalala na uso unakuwa mgumu kwa upande huo. Ukija na msuguano wa kukatisha, unaukuta uso ambao umeimarika kwa urefu na kudhoofika kwa mapana, kama ile tepu, na unabanduka. Ulikaji unaweza kuwa mara kumi, hata mara mia, ya ule wa mstari mmoja. Dawa iliyopatikana ni kuifunga minyororo pamoja kwa mnururisho, yaani miali yenye nguvu kubwa, wa kiwango cha kilogrei 50 hadi 100 (kilogrei ni kipimo cha mnururisho), ili isiweze kulala kupita kiasi. Kinacholipwa ni ushupavu: plastiki iliyofungwa hivyo inapasuka kirahisi zaidi ikigongwa.

Joto ndio udhaifu wake. Zaidi ya nyuzi 80 usiitegemee, maana inayeyuka kwenye 135. Basi shafti ya kasi kubwa si mahali pake hata mzigo ukiwa mdogo. Kwenye maji ni nzuri sana, haivimbi. Kwenye tope na mchanga inazishinda zote tatu, ndiyo maana inatumika kutandikia mifereji ya kumwagia mawe na nafaka. Kuikereza kunahitaji subira: ni laini, inapinda mbele ya kisu, na inatanuka kwa joto karibu mara kumi na tano ya chuma. Acha ipoe kabla hujapima.

Inamfaa mwenye vumbi, tope, maji, mishtuko na kasi ndogo. Kwa mwendo unaojikata, aidha apate ile iliyofungwa kwa mnururisho au akubali kubadilisha bushi mara kwa mara.

## Nailoni

Nailoni ilitengenezwa na Wallace Carothers wa DuPont mwaka 1935, na ndiyo rahisi zaidi kuipata kwa mafundi wetu. Minyororo yake inashikana kwa vifungo vya haidrojeni, hivyo hailali kwa hiari. Msuguano lazima uvunje vifungo hivyo kwanza. Utando wake kwenye chuma huja kwa mabaka, mahali upo na mahali haupo, na ikiwa kavu mara nyingi utaisikia ikilia kwa sababu inashika na kuachia. Kwa upande mwingine, vifungo hivyohivyo vinaipa nguvu: inabeba mzigo mkubwa kuliko mbili zilizotangulia, inavumilia kugongwa, na haijali sana kama mwendo unajikata, kwa kuwa uso wake haukujipanga upande mmoja kiasi cha kudhoofika upande mwingine.

Nailoni iliyomiminwa pamoja na mafuta ndani yake, au ile nyeusi yenye unga wa kuteleza wa molibdeni disalfaidi, inapunguza kelele na ulikaji. Kama bei haikutishi, chukua ya mafuta.

Tatizo lake kubwa ni maji. PA6 ikishiba hunywa asilimia 9 hadi 10 ya uzito wake na kutanuka kwa asilimia 2 hivi. Kwa bushi ya milimita 50 hiyo ni milimita nzima. Na kwa kuwa nje imebanwa na chuma, inatanuka kuelekea ndani na kuikaba shafti. Hata unyevu wa hewa ya pwani bila maji yoyote unatosha kuibadilisha kipimo. Anayeitumia ama aache nafasi kubwa tangu mwanzo, ama aichemshe kwenye maji kwa saa kadhaa na kuiacha ishibe kabla ya mkato wa mwisho.

Inamfaa mwenye mzigo, mishtuko, mahali pakavu au penye grisi, na bajeti ndogo.

## Asetali

Asetali iliingia sokoni mwaka 1960. Mnyororo wake hauna matawi wala vipandikizi, lakini umekaza na umejipanga kwa fuwele nyingi tangu kiwandani. Msuguano unaugeuza kidogo tu uso wake. Utando wake ni mwembamba na haukamiliki, ila kuna faida moja: nguvu ya kuianzisha shafti na nguvu ya kuiendeleza zinakaribiana, hivyo haishiki na kuachia kama nailoni kavu. Kwa mashine inayoanza na kusimama kila mara, hiyo ni tofauti utakayoisikia kwa mkono.

Haivimbi kwa kiasi cha kukuletea shida. Ndiyo inayokerezwa vizuri kuliko zote: inatoa vipande vifupi safi, inashika kipimo, na mkereza wa kawaida ataifurahia. Asidi kali inaiharibu. Moto uogope: ikiungua inatoa gesi ya fomaldihaidi inayochoma macho, na mwali wake karibu hauonekani mchana, kwa hiyo usiache marundo ya takataka zake karibu na mashine ya kulehemu.

Usiisugue asetali kwa asetali, zinaliana na kupiga kelele. Ukiiweka na nailoni zinapatana sana. Bomba la mkono la Afridev, lililokuzwa Malawi na Kwale, Kenya, katika miaka ya 1980, linatumia ujanja huo kwenye mhimili wa mkono wake: bushi ya nailoni na bushi ya asetali zinasuguana, moja ikiwa ndani ya nyingine, na chuma hakisuguliwi. Vijiji vingi vinabadilisha bushi hizo bila kuita mkereza.

Inamfaa mwenye kipimo kisichotakiwa kubadilika, unyevu, kasi ya wastani, na kuanza na kusimama kwingi.

## Chuma chenyewe

Chuma kikali kama tupa kinakwangua kila utando unaotaka kujengeka. Chuma kilichong'arishwa kupita kiasi nacho hakiupi utando pa kushika. Kwa bushi za mitambo, ukwaruzo wa mikromita 0.2 hadi 0.4 ni mahali pazuri pa kulenga.

La muhimu kuliko tarakimu ni upande wa mikwaruzo. Mkwaruzo unaofuata njia ya mwendo hauna madhara makubwa, ila mmoja tu unaoukata mwendo unaweza kuzidisha ulikaji mara nyingi, kwa sababu kila ukipita unaisimamisha minyororo iliyokwisha kulala. Mkereza anapomaliza kwa msasa huku shafti ikizunguka, mikwaruzo inabaki imezunguka shafti. Kwa shafti ya kuzunguka hiyo ni sawa kabisa. Kwa fimbo ya kwenda na kurudi ni kinyume chake, mikwaruzo yote inakatisha njia. Mwombe asimamishe mashine, amalizie kwa msasa laini kwa urefu wa fimbo, kwa mkono. Ni kazi ya dakika chache.

Na unapofungua mashine kwa matengenezo, mulika shafti kwa tochi kutoka ubavuni. Ukiona mng'ao hafifu ulionyooka kufuata mwendo, huo ndio utando, uache. Wengi wanaupiga msasa wakidhani ni uchafu, na bushi inaanza upya kulipa gharama ya kuujenga. Vivyo hivyo usichukue bushi iliyozoea shafti inayozunguka ukaihamishia kwenye fimbo ya kwenda na kurudi. Umeugeuza uso wake nyuzi 90.

## Uamuzi kwa hali yako

Shafti inazunguka polepole, kuna joto la tanuri au kemikali: tefloni yenye kaboni, au ya shaba kama hakuna asidi.

Shafti inazunguka kwa kasi ya wastani mahali penye unyevu, na nafasi lazima iwe ndogo: asetali. Kasi ikiwa kubwa kweli, mzigo nao mkubwa, achana na plastiki tupu zote nne, rudi kwenye ganda la chuma lenye tabaka la tefloni au kwenye beringi.

Fimbo inakwenda na kurudi kwenye maji, kama ya pampu: poliethilini ndefu kama maji yana mchanga, asetali kama ni safi. Malizia chuma kwa urefu.

Mashine ya kubeba nafaka, kokoto au udongo, shafti inazunguka taratibu ndani ya vumbi: poliethilini ndefu, bila kusita.

Mkokoteni, bawaba ya geti, kiungo cha trela kinachogongwa na kupakwa grisi: nailoni, na nafasi ya kutosha. Hapa kulipia tefloni ni kupoteza fedha.

Mwendo unajikata, unazunguka na kusogea kwa pamoja: jaribu kwanza kuutenganisha. Bushi moja ibebe mzunguko, nyingine ibebe msogeo, kila moja na njia yake moja. Isipowezekana, nailoni ya mafuta kwa mzigo mkubwa pakavu, au poliethilini iliyofungwa kwa mnururisho ukiweza kuipata.

Hujui mwendo wako ni upi: paka shafti wino wa alama, funga bushi ya zamani, izungushe kwa mkono mizunguko michache, kisha ifungue. Mistari itakayobaki kwenye wino itakuonyesha njia. Ikiwa sambamba, chagua kwa joto, maji na bei. Ikikatana, anzia kwenye aya iliyotangulia hii.